Anni Albers: Kozi aliyosukumiwa ndiyo iliyompa jina

Wewe uliyewahi kufungua tovuti ya KUCCPS ukakuta umetupwa kwenye kozi ambayo hukuitaka, hebu kutana na huyu mama.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1899, akaitwa Annelise Fleischmann. Kwao pesa haikuwa shida: babake alikuwa kwenye biashara ya fanicha, na mamake alitoka ukoo wa Ullstein, wenye magazeti na vitabu. Msichana wa nyumba kama hiyo alitarajiwa aolewe vizuri, atulie. Yeye alitaka kuchora. Mwaka 1922 akaingia Bauhaus, chuo cha sanaa na ubunifu mjini Weimar, kilichokuwa na miaka mitatu tu.

Sasa sikia. Bauhaus ilijinadi kwamba wanaume na wanawake ni sawa, lakini ukishaingia ndani, wasichana karibu wote walielekezwa karakana moja: ya kufuma. Anni aliitaka ile ya vioo. Akaikosa. Tena alikuwa na ugonjwa wa neva uliodhoofisha miguu yake, kwa hivyo kazi nzitonzito hazikuwa zake. Akabaki na nyuzi, kitu alichokiona laini mno, cha akina mama. (Kule kwenye vioo kulikuwa na jamaa anaitwa Josef Albers. Huyo hakumkosa, walioana 1925.)

Kama hujawahi kuona mtu akifuma, ni hivi: unatandaza nyuzi zikiwa zimekazwa, huo ndio mtande, halafu unapitisha uzi mwingine juu, chini, juu, chini. Huo ni mshindio. Basi. Jinzi uliyovaa ilitengenezwa hivyo. Anni aligundua kwamba ndani ya hiyo juu-chini kuna hesabu nzito kama za kujenga nyumba. Kule Bernau kulikuwa na shule ya vyama vya wafanyakazi, na ukumbi wake ulikuwa na mwangwi mbaya. Kwa diploma yake ya 1930, Anni akafuma kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi huo: upande wa mbele una selofani ya kurudisha mwanga, upande wa nyuma uzi wenye manyoya wa kumeza sauti. Umeona sasa?

Mwaka 1933 Wanazi wakashika serikali, Bauhaus ikafungwa, na Anni alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Msanifu wa majengo kutoka Marekani, Philip Johnson, alikuwa ameona vitambaa vyake Berlin. Akawaunganisha yeye na Josef na Black Mountain College, chuo kipya kabisa huko North Carolina. Kabla mwaka uishe walikuwa wamefika.

Hapa ndipo alinibamba. Wanafunzi wake hawakuanzia kwenye mtambo mkubwa. Aliwaambia wajifikirie wako Peru ya kale, hawana chochote, halafu waanze kubuni kutoka hapo. Wakacheza na punje za mahindi, nyasi, karatasi zilizosokotwa, hata herufi za taipureta zilizopigwa mpaka ukurasa ukafanana na kitambaa.

Kisha akawapa mtambo wa Wahindi Wekundu wa huko Andes, ambao ni vijiti na kamba tu. Upande mmoja unafunga kwenye mti au nguzo, upande wa pili unaufunga kwa mkanda unaopita nyuma ya kiuno chako. Ukiegemea nyuma, nyuzi zinakazana. Ukisogea mbele, zinalegea. Yaani mwili wako ni nusu ya mtambo. Ukichoka, unakunja kila kitu unabeba. Kitabu chake cha 1965, On Weaving, aliwatunukia hao wafumaji wa kale wa Peru kama walimu wake.

Alipenda sana Mexico pia. Baada ya kuona vito vya dhahabu vya Monte Albán, yeye na mwanafunzi wake Alex Reed walitengeneza mikufu kwa klipu za karatasi, washa na kichujio cha sinki. Vitu vya hadwea! Mimi ningevaa.

Miaka hiyohiyo ya 1930, Wamarekani walikuwa wakinunua vifremu vidogo vya kushika mkononi, vya mraba wa inchi 4 hivi, vyenye vipini pembeni. Unafuma kipande, unaunganisha na kingine, unapata blanketi. Vilionekana vya mama wa nyumbani kupitishia muda, ingawa leo vile vizee vinatafutwa sana na wanaopenda kufuma. Hobi si tusi. Shida ni kwamba jina hilo lilitosha kumfanya mtu asiangalie kazi yenyewe. Ndiyo maana mwaka 1949 una uzito: Museum of Modern Art ya New York ilimpa Anni maonyesho yake pekee, mfumaji wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo.

Mwaka 1963 akaanza kuchapa picha kwenye karatasi. Kufikia 1970 aliachana na kufuma, mitambo yake akaigawa. Alifariki Connecticut Mei 1994 akiwa na miaka 94, na kitu kimoja hakuacha kukilalamikia: alichofanya kwa uzi watu walikiita ufundi wa mikono, na alipohamia kwenye karatasi, ghafla wakakiita sanaa.