Roosevelt na somo la kuokoa ajira

FRANKLIN Delano Roosevelt alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani Machi 4, 1933, takriban robo ya nguvu kazi ya nchi hiyo haikuwa na ajira, na benki zilikuwa zikianguka kila kukicha.

Alizaliwa Januari 30, 1882, Hyde Park, New York, katika familia ya kitajiri. Mwaka 1921 maradhi yalimpooza miguu, lakini hayakumtoa katika siasa.

Siku mbili baada ya kuapishwa alizifunga benki zote kwa muda, kisha zilizokuwa imara zikaruhusiwa kufunguliwa. Kupitia shirika la mikopo lililoanzishwa mwaka 1932 na mtangulizi wake, Herbert Hoover, Serikali ilinunua hisa katika maelfu ya benki ili kuzinusuru.

Mwaka 1935 alianzisha mpango wa kazi za umma, WPA, ambao hadi unafungwa mwaka 1943 ulikuwa umeajiri watu wapatao milioni 8.5. Walijenga barabara, madaraja na shule.

Hata hivyo, mwaka 1937, uchumi ulipoanza kupata nafuu, Roosevelt alipunguza matumizi ili kusawazisha bajeti. Uzalishaji viwandani ukaporomoka na mamilioni wakapoteza tena kazi. Aprili 1938 alilazimika kurudi Bungeni kuomba fedha za kufufua ajira.

Alifariki dunia Aprili 12, 1945, Warm Springs, Georgia, akiwa na umri wa miaka 63. Miongoni mwa mafunzo aliyoacha ni kwamba kuondoa msaada mapema huweza kuugharimu uchumi sawa na kuchelewa kuutoa.