Emin Pasha: Daktari ambaye jina lake limebaki kwenye musizi

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa mwenye miti ya musizi kwenye kibanja chake anatunza, pengine bila kujua, jina la mtu aliyepita huko zaidi ya miaka 130 iliyopita. Kitaalamu mti huo huitwa Maesopsis eminii. Jina hilo lilitolewa mwaka 1895 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Adolf Engler, kwa heshima ya Emin Pasha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, mji ambao leo uko Poland, akasomea udaktari. Baada ya kufanya kazi katika dola ya Waturuki alijiita Emin. Mwaka 1876 aliingia katika utumishi wa Misri, na mwaka 1878 akawa gavana wa Jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan ya wakati huo.

Vita vya Mahdi vilipofunga njia ya Khartoum, bidhaa zilikatika. Watu wake walilazimika kulima pamba na kufuma nguo zao wenyewe. Hata katika shida hiyo aliendelea kukusanya ndege na mimea, kupima na kuandika kila alichokiona.

Stanley alimfikia mwaka 1888. Mwaka 1889 msafara wao ulivuka mto Kagera, ukapita kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata na nchi ya Karagwe, hadi Bagamoyo mwezi Desemba. Usiku wa karamu ya kuwapokea, Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, alianguka kutoka dirishani na kuumia vibaya kichwani.

Alipopona alijiunga na Wajerumani, na mwaka 1890 akaanzisha kituo chao cha Bukoba. Tusisahau kwamba alikuja kuwafungulia njia watawala wa kikoloni. Mwaka 1891 alipita tena Karagwe akielekea magharibi pamoja na Franz Stuhlmann. Ndui ilipoukumba msafara, Emin alibaki na wagonjwa na kumtuma mwenzake arudi. Oktoba 1892 aliuawa mashariki ya Kongo kwa amri ya wafanyabiashara wa utumwa.

Emin hakuacha shamba la miti. Aliacha desturi ya kuangalia na kuandika, na hiyo ndiyo mwenye miti anayoihitaji. Mwaka ule ule wa 1890, huko Couvet, Uswisi, bwana misitu Henri Biolley alianza kupima mti mmoja mmoja ili asivune kuzidi kile msitu unachoongeza. Msitu wake ulikuwa na miti ya umri mchanganyiko, na kila awamu ilikatwa michache iliyochaguliwa.

Mkulima mdogo anaweza kufanya hivyo. Januari ya ada za shule inapofika, mnunuzi huja na kutaja bei moja kwa miti yote. Fedha zinaisha mwezi huo huo, na kusubiri mbao nyingine ni takriban miaka 20. Lakini mwenye miti 60 ya umri tofauti, akihesabu miaka 20 hadi kupasua mbao, anaweza kukata mitatu kila mwaka na kupanda mitatu. Kahawa yake haikosi kivuli, wala yeye hakosi cha kuuza.

Pima mzunguko wa kila mti kwa futi kamba, kwenye usawa wa kifua, na uandike kwenye daftari. Punguza iliyopinda na yenye ugonjwa, vuna iliyokomaa, na bakiza michache iliyonyooka kwa ajili ya mbegu. Musizi hupenda mwanga, hivyo mahali ulipokata mmoja ndipo miche huchipua. Kabla ya kukata, muulize afisa misitu wa wilaya kuhusu kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mbao.

Tahadhari moja. Ndege aina ya hondohondo husambaza mbegu za musizi mbali. Kule Amani, Tanga, ambako mti huu ni mgeni, ulivamia sehemu za msitu wa asili zilizokuwa zimekatwa sana. Anayekata ovyo hufungua mlango ambao hataweza kuufunga.