Shekhar Mehta: Msee Aliyenyorosha Dunia Mara 5 Kwa Barabara Zetu za Vumbi

Ukipanda basi ya usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kuna masaa kadhaa hivi hukumbukangi kitu. Unalala ukiwa Sultan Hamud, unaamka Mtito Andei ukitafuta chai na choo. Hapo katikati umepita Emali, Makindu na Kibwezi. Yaani umekata Makueni karibu yote ukikoroma.

Sawa, safari yako ni yako. Lakini ujue kuna watu walitoka Ulaya na Japani, wakamwaga pesa mob, ndio wapitishe gari hiyo njia haraka kuliko wenzao. Na kwa miaka mingi wengi wao walirudi kwao mikono mitupu, juu kulikuwa na msee wa hapa aliyeijua njia kuwaliko.

Jina lake Shekhar Mehta. Kama ulizaliwa baada ya 2000, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kumsikia. Tulia basi nikupe hiyo story.

Kwanza elewa Safari yenyewe

Safari Rally unayoijua ni ile ya Naivasha. Kuna vipande vya barabara vinafungwa, gari zinapita moja moja, saa inahesabiwa, jioni mnarudi kwa nyama choma. Ile ya kitambo ilikuwa mnyama mwingine kabisa.

Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa inafanyika wakati wa Pasaka, mvua ndefu ikiwa imeanza. Wasee walikuwa wanaendesha usiku na mchana, kilomita kama 5,000 hivi, na barabara haikuwa imefungwa. Ukitoka kona unaweza kukutana na basi, ng'ombe, twiga, ama mzee na baiskeli yake akienda zake sokoni.

Hesabu yake pia ilikuwa tofauti. Unapewa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika unayochelewa inakuwa pointi ya adhabu. Mwenye adhabu kidogo ndiye mshindi. Kwa hivyo kasi peke yake haikusaidii. Gari ikikwama kwa tope la Ukambani ama ikivunja springi kwa mto wa mchanga, dakika zinakula wewe tu.

Ndio maana Ukambani ilikuwa mtihani. Kwa upande wa Makueni ulikuwa na Mombasa Road na njia za vumbi zinazotoka kando yake. Ukivuka Mto Athi kutoka Kibwezi, unaingia Ikutha, halafu Mutomo, halafu Kitui yenyewe. Siku hizi hapo ni lami safi, unateleza tu. Kama ushago yenu ni huko, uliza wazee vile ilikuwa kabla ya lami. Kiangazi ni vumbi huoni mbele. Mvua ikinyesha, ule mto uliovuka asubuhi miguu mikavu, jioni unabeba gari.

Kijana wa Uganda anahepa Amin

Shekhar alizaliwa Uganda mwaka wa 1945, kwa familia ya Kihindi iliyokuwa na pesa na mashamba makubwa. Akiwa na miaka ishirini na kitu akaanza kukimbiza magari. Wengi walimwona kama mtoto wa tajiri anayechezea moti za budake.

Mwaka wa 1971 akawanyamazisha. Safari ya mwaka huo alimaliza nambari mbili na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann, aliyekuwa na Datsun kama yake.

Halafu ikaja 1972. Idi Amin akawapa Waasia siku 90 watoke Uganda. Fikiria hiyo kitu. Umezaliwa hapo, mashamba ya familia yako hapo, halafu unaambiwa una miezi mitatu. Shekhar akahamia Kenya. Nairobi ndio ikawa nyumbani kwake.

Mwaka huo huo kulikuwa na uchungu mwingine kwa mashabiki wa huku. Tangu 1953 hakuna mgeni kutoka ng'ambo alikuwa ameshinda Safari. Kampuni kubwa zilikuja, madereva mastaa walikuja, wakashindwa. Lakini Pasaka ya 1972 Mfini Hannu Mikkola akashinda na Ford Escort. Ile heshima ya miaka karibu ishirini ikaenda.

1973: Dunia inaingia rasmi

Hapa ndio story inakuwa tamu. Mwaka wa 1973 ndio Ubingwa wa Dunia wa Rally, ile WRC, ulianzishwa. Na Safari yetu ikawekwa ndani tangu siku ya kwanza, kwa orodha moja na Monte Carlo.

Ngoja nikueleze hiyo ilimaanisha nini, na nitakupitisha Marekani kidogo. Kama wewe ni wa Formula 1, unajua Wamarekani wako na mbio zao za magari ya magurudumu wazi, IndyCar, na mbio yao kubwa ni Indianapolis 500. Kutoka 1950 hadi 1960, pointi za Indianapolis zilihesabiwa kwenye ubingwa ule ule wa dunia wa kina Fangio. Lakini ilikuwa ndoa ya karatasi tu. Magari yalikuwa tofauti, sheria tofauti, uwanja wao wa kuzunguka kushoto kutwa nzima. Timu za Ulaya nyingi hazikujisumbua kuvuka bahari. Ferrari walimpeleka Alberto Ascari 1952, gurudumu likamwangusha, akarudi nyumbani.

Sasa linganisha na sisi. Safari nayo ilikuwa na sheria zake na ujanja wake, haikufanana na rally za Ulaya za vipande vifupi vilivyofungwa. Tofauti ni kwamba Wazungu na Wajapani walikuja kweli. Mtu akiuza gari iliyoshinda Safari, hakuhitaji maneno mengi. Datsun, Peugeot, Ford, Mercedes, wote walitaka hiyo picha ya gari yao imejaa matope ya Kenya. Kwa hivyo dereva wa hapa hakuwa anashindana na majirani tena. Mastaa wa dunia walimfuata hadi mlangoni.

Pasaka ya 1973, Shekhar akiwa na Datsun 240Z na Lofty Drews akimsomea ramani, akamaliza na pointi 406 za adhabu. Msweden Harry Källström, naye kwa Datsun, akamaliza na pointi ngapi? 406. Maelfu ya kilomita, halafu mnalingana pointi kwa pointi.

Ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ni Shekhar. Hivyo ndivyo mkimbizi, hata mwaka haujaisha tangu ahepe Amin, alivyokuwa mtu wa kwanza kushinda Safari ikiwa ni mbio ya ubingwa wa dunia.

Mara nne mfululizo

Baada ya hapo ilibidi angoje. Joginder Singh, yule Simba wa Kenya, alishinda 1974 na 1976. Wageni nao wakachukua 1975, 1977 na 1978. Ukiangalia hiyo orodha, ungesema enzi ya wenyeji inaisha.

Halafu Shekhar akarudi. Mwaka wa 1979, akiwa na Datsun 160J na Mike Doughty kando yake, alimwacha Mikkola na Mercedes yake nyuma. Na 1979 ndio mwaka madereva wenyewe walianza kupewa taji la dunia, mbeleni lilikuwa la kampuni tu.

1980 akashinda tena, Mfini Rauno Aaltonen akawa wa pili. 1981 akashinda tena, na Aaltonen akawa wa pili tena. Huyo Aaltonen alikuwa staa Ulaya, alirudi Safari miaka na mikaka, na hakuwahi kuishinda. 1982 Shekhar akapiga ya nne mfululizo. Nambari mbili alikuwa Mjerumani Walter Röhrl na Opel. Unajua Röhrl alimaliza vipi mwaka huo? Bingwa wa dunia. Yaani huyo bingwa wa dunia alipita hapa kwetu na akala vumbi.

Jumla ni mara tano, na Doughty alikuwa naye kwa zile nne zote za mwisho. Björn Waldegård alifika nne, akaishia hapo. Colin McRae na Juha Kankkunen tatu tatu.

Siri yake ilikuwa gani? Gari yake haikuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mercedes walikuja na V8. Lakini Shekhar alijua mahali pa kupunguza. Alijua tope gani ni la kupita katikati na lipi ni la kuzunguka, na kwamba ndinga ikifika salama na kuchelewa dakika mbili ni bora kuliko ndinga ya haraka iliyolala kwa mtaro.

Na usiseme aliweza hapa tu. Mwaka wa 1981 alimaliza wa tano kwa ubingwa wa dunia wa madereva. Kwenye baadhi ya hizo rally za nje, aliyekaa kando kusoma ramani alikuwa mke wake, Yvonne.

Kiti kikubwa, na uchungu wake

Mwaka wa 1987 aliumia vibaya kwenye ajali ya rally ya Pharaohs huko Misri. Kazi ya usukani ikaishia hapo.

Lakini hakuhepa mchezo. Aliingia ofisini, upande wa FIA, lile shirika linaloongoza Formula 1 na WRC, na akapanda hadi kuwa rais wa tume yake ya rally. Angalia hiyo ngazi: kijana aliyefukuzwa Uganda, dereva wa Nairobi, sasa anakaa mezani ambapo rally ya dunia nzima inapangwa.

Halafu cheki maisha. Safari ya 2002, aliyoshinda McRae, ndio ilikuwa ya mwisho. Mwaka uliofuata Kenya haikuwa kwa kalenda ya WRC. Shida za pesa na maandalizi zilikuwa zimejaa, na dunia ilikuwa imebadilika. Televisheni zilitaka rally fupi zinazofanana, unazoweza kurekodi kwa siku tatu. Mbio ya wazi inayopita katikati ya masoko ya watu haikuwa na nafasi hapo.

Rekodi yake ya mara tano ikabaki, lakini mbio iliyomtengeneza ikawa ya ubingwa wa Afrika tu. Indianapolis ilipotoka kwa ubingwa wa dunia haikushtuka, juu ilikuwa na mashabiki wake na chapaa zake nyumbani. Hadi leo inajaza uwanja. Safari yetu ilipotolewa ilinyamaza. Tulikuwa tumezoea dunia ituletee gari, pesa na kamera. Zilipoondoka, tulibaki na barabara.

Shekhar alifariki London Aprili 2006 baada ya kuugua, akiwa na miaka 60. Safari ilirudi kwa WRC 2021, miaka 15 baadaye. Hakuiona.

Sasa wewe

Iliporudi, ilirudi Naivasha. Kitui na Makueni hazimo. Hakuna mtoto wa Mutomo anayesimama juu ya jiwe Pasaka akingoja kuona taa za gari ya Mjapani zikitoka gizani. Na mgeni ndiye ameshinda kila mwaka tangu irudi, kutoka Ogier 2021, Rovanperä 2022, hadi Evans 2025. Vijana wetu wanaoendesha wanajituma, lakini gari za kampuni kubwa hawana, na ile faida ya kujua njia imepungua sana. Kila dereva anapewa muda wa kukagua vipande kabla ya kuanza, na vipande vyenyewe ni vile vile karibu kila mwaka.

Sisemi turudishe rally ya kugonga ng'ombe za watu. Ninasema tu kuna jina lilitakiwa kuwa kwa kichwa yako pamoja na Kipchoge na Rudisha, na halipo.

Kwa hivyo next time uko kwa basi ya Mombasa, ukifika Kibwezi, amka. Angalia upande wa kushoto, ile barabara inayokata kwenda Kitui. Hapo palikuwa na wasee wakubwa wa dunia waliokwama, na mmoja wetu aliyepita.