Tom Mboya, kijana aliyewagombanisha Wamarekani juu ya nauli yetu

UKIPITA steji ya Suneka jioni, wakati matatu za kutoka Kisii zinashusha watu, utadhani umeshukia Washington. Jamaa wa bodaboda ameegemea pikipiki yake, simu mkononi, anaeleza wenzake jinsi Seneti ya Marekani inavyofanya kazi. Mama wa ndizi ana maoni yake kuhusu Trump na hataki kuingiliwa. Kuna mzee mmoja hajawahi kuvuka Ahero, lakini atakueleza kwa nini Pennsylvania ndiyo huamua rais. Sasa muulize jina la MCA wake. Anakuna kichwa.

Usicheke, wewe pia uko hivyo. Mimi pia. Bando ya hamsini bob naimaliza nikiangalia wazee wa watu wakitusiana kwa Kiingereza kizuri.

Na ni burudani, tusidanganyane. Hawa ni watu ambao hutuma waangalizi wa uchaguzi kila pembe ya dunia, lakini kwao unaweza kupata kura nyingi kuliko mpinzani wako na bado ukaenda nyumbani. Al Gore ilimpata mwaka wa 2000. Hillary Clinton ikampata 2016, tena akiwa mbele kwa kura zaidi ya milioni 2.8. Jaribu mchezo huo hapa Bonchari uone kama barabara ya Migori itapitika siku hiyo.

Lakini leo nataka nikupe stori ya siku Wamarekani wenyewe walipigana juu yetu. Si juu ya mafuta wala vita. Juu ya nauli ya ndege ya watoto wa Kenya. Na aliyeianzisha fujo hiyo alikuwa kijana wa miaka 29 ambaye hakuwa na digrii.

Anaitwa Tom Mboya. Najua unamjua. Unamjua kama barabara, kama sanamu pale Moi Avenue ambapo watu hukutana kabla ya kwenda deti. Ngoja nikujulishe mtu mwenyewe.

Alizaliwa Agosti 15, 1930, huko Kilima Mbogo karibu na Thika. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, na baba yake alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge. Shamba lenyewe lilikuwa la McMillan, yule tajiri ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya Nairobi. Sasa sikiza: McMillan alikuwa mzaliwa wa St. Louis, Marekani. Kwa hivyo Mboya alianza kuishi na mambo ya Wamarekani kabla hajaota meno.

Alisoma Kabaa, akasoma Yala, akafika Mang'u. Kichwa kilikuwa kinashika. Tatizo lilikuwa lile lile unalolijua wewe: karo. Pesa ikaisha nyumbani na masomo yakaishia hapo. Ndugu yangu, mimi nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake naisoma polepole. Najua ile asubuhi unapakia godoro na wenzako wanaenda darasani.

Mboya hakukaa nyumbani kuhesabu ng'ombe wa jirani. Alitafuta mafunzo ambayo ungelipwa ukisoma, akaingia chuo cha wakaguzi wa afya. Kufikia mapema miaka ya 1950 alikuwa mkaguzi wa afya wa Jiji la Nairobi. Kanjo, kwa lugha yetu. Ndiyo, shujaa wako alianzia kanjo.

Huko ndiko alikopata hasira yake ya kwanza ya kisiasa. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, na kazi ni ile ile, panya ni wale wale. Siku moja akiwa maabara akipima maziwa, mama mmoja Mzungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kijana akamuuliza kama macho yake yana shida. Mama akaondoka na moto wake kwenda kumshtaki.

Wengine wangeomba msamaha. Mboya alienda kuunda chama cha wafanyakazi. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari, viongozi wa kisiasa wako jela, na mikutano ya siasa imepigwa marufuku. Chama cha wafanyakazi ndicho kilikuwa mdomo pekee uliobaki wazi, na mdomo huo ulikuwa wa kijana ambaye leo tungemwambia angoje zamu yake. Mwaka wa 1955 wafanyakazi wa bandari Mombasa waligoma, akateremka huko, akakaa mezani na wakubwa, watu wakarudi kazini na nyongeza. Baadaye akapata nafasi ya mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Alirudi bila digrii. Mwaka wa 1957 akachaguliwa kuingia bungeni kuwakilisha Nairobi, na Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra, kwa Kwame Nkrumah. Alikuwa na miaka 28. Wewe uko na ngapi?

Sasa tuje kwa zile ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilionekana wazi kwamba uhuru unakuja. Swali likawa: nani ataendesha ofisi? Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili. Nafasi za Makerere zilikuwa za kuhesabu, na za Uingereza zilipitia kwa serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na haraka yoyote ya kusomesha watu wa kuirithi. Mboya akaona mlango mwingine: vyuo vya Marekani. Mwaka wa 1959 alizunguka huko kwa wiki kadhaa akitoa hotuba karibu mia, akiomba vyuo vitoe ufadhili. Vyuo vingi vikakubali.

Lakini ufadhili wa masomo haukupeleki New York. Nauli ilikuwa pesa ndefu kuliko mapato ya familia nyingi kwa miaka. Huku nyumbani vijiji vikachanga, mbuzi wakauzwa. Kule, rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman na wenzake wakaunda shirika la kutafuta nauli. Mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba 1959, ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi, zaidi ya 250, na pesa haikuwepo. Shirika likaenda kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Jibu likawa hapana. Wakajaribu tena. Hapana.

Lakini 1960 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Na wewe unajua vile mwanasiasa hubadilika mwaka wa uchaguzi. Hata barabara ya kwenu huona greda.

Upande mmoja ni Richard Nixon, Makamu wa Rais. Upande wa pili ni John F. Kennedy, seneta kijana mwenye baba tajiri, ambaye pia aliongoza kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Wote wawili walizitaka kura za Wamarekani weusi. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, akamweleza shida ya nauli. Wakfu wa familia ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000.

Jackie Robinson naye alikuwa mtu wa Nixon uchaguzi ule, na alikuwa amemwomba Nixon asaidie. Nixon akaisukuma Wizara. Na ghafla, ile wizara ambayo haikuwa na hata senti ikapata pesa. Kiasi gani? Dola 100,000! Yaani mtu aliyekunyima fare wiki yote, akiona jirani anakupa, anakimbia na noti ile ile.

Shirika likashika pesa za Kennedy. Hapo ndipo seneta wa upande wa Nixon, Hugh Scott, akasimama katika Seneti na kulia kwamba familia ya Kennedy inatumia pesa za wakfu kununua siasa. Kennedy naye akasimama kujitetea. Fikiria picha hiyo: Seneti ya nchi kubwa kuliko zote kwa nguvu inakabana koo juu ya nani ana haki ya kuwalipia nauli watoto wa wakulima wa Kenya. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Mara hii nyasi zilipata tiketi ya ndege.

Septemba 1960 ndege zikaruka. Ndani yake alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Novemba, Kennedy akashinda kwa tofauti ya chini ya kura 120,000 kati ya karibu milioni 69. Siwezi kukuambia nauli yetu ndiyo iliyompa urais. Nakuambia tu kwamba kwa tofauti ndogo hivyo, kila jambo lilihesabika. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo. Kenya ilipopata uhuru, walirudi kuwa walimu, madaktari, wahasibu na makatibu wa wizara.

Usidhani Mboya alikuwa malaika. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa Marekani, na Jaramogi Oginga Odinga alipeleka wanafunzi wake Urusi na nchi rafiki zake. Mwaka wa 1966, kwenye mkutano wa Limuru, Mboya ndiye aliyesaidia kumtoa Odinga kwenye umakamu wa chama cha KANU. Alijua kucheza siasa ngumu, na ile mashine aliyosaidia kuijenga haikuwa na nafasi yake alipoanza kuonekana kama mrithi wa Kenyatta.

Jumamosi, Julai 5, 1969, alikuwa waziri wa mipango ya uchumi. Alitoka duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipigwa risasi hapo mlangoni. Alikuwa na miaka 38. Miezi kumi na tatu kamili kabla ya siku hiyo, Robert Kennedy, ndugu yake John, alikuwa amepigwa risasi Los Angeles. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa na kunyongwa. Aliyemtuma, kama alitumwa, hakuwahi kusimama kortini. Mboya alizikwa Rusinga.

Hapa Suneka kuna uwanja mdogo wa ndege. Nikiwa mtoto, ndege ikitua tulikimbia kuitazama mpaka ipotee tena mawinguni, na kila mmoja wetu alikuwa na uhakika siku moja atapanda. Wengi wetu hatujapanda. Wengine tuliacha masomo njiani, na kila mkutano wa familia kuna shangazi wa kutukumbusha.

Kinachonikaa kichwani kuhusu Mboya ni hiki: yeye mwenyewe hakuwahi kupata digrii, halafu akazunguka nchi ya watu akiwaombea wengine digrii. Hakuomba nafasi yake kwanza. Angeweza, kwa sababu vyuo vilikuwa vinamkubali, magazeti yanamwandika, na Machi 1960 picha yake ilikuwa kwenye jalada la Time.

Kwa hivyo leo jioni ukikuta mjadala wa Marekani umewaka pale steji, ingia, piga domo, cheka. Lakini waulize swali moja kabla hujapanda boda: katika ploti yenu, nani ameitwa shule au chuo na amekosa nauli tu? Mimi nimeuliza kwetu. Yupo mmoja. Tumeanza kuchanga, na hatukungoja mwaka wa uchaguzi.