Erik Erikson: Kijana asiyemjua babake aliyetufunza maana ya kujitafuta

Ukiwa na miaka 17 au 18 hivi, kuna swali hukufuata hadi kitandani: mimi ni nani hasa? Nyumbani wanataka uwe daktari, marafiki wanataka uwe kama wao, nawe hata hujui unachotaka. Basi leo kutana na mtu aliyelifanyia swali hilo utafiti, maana lilimsumbua yeye mwenyewe tangu utotoni.

Erik alizaliwa mwaka wa 1902 jijini Frankfurt, Ujerumani. Mamake, Karla Abrahamsen, alikuwa Myahudi kutoka Denmark aliyekuwa ametengana na mumewe. Mtoto alipewa jina la mume huyo, Salomonsen, ingawa hakuwa babake. Erik alipofika miaka mitatu, Karla aliolewa na daktari wa watoto, Theodor Homburger, mjini Karlsruhe. Mtoto akaambiwa huyu ndiye baba yako. Baadaye akaitwa Homburger.

Lakini hebu fikiria. Erik alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu. Kwenye sinagogi watoto walimcheka kwa kuwa hafanani nao. Shuleni nako wakamcheka kwa kuwa ni Myahudi. Yaani huku si wao, kule si wao! Alipokuja kuambiwa ukweli, hakuambiwa wote. Jina la baba mzazi hakulijua hadi kufa.

Alipomaliza shule ya upili, baba wa kambo alitaka asomee udaktari. Erik akakataa. Akashika njia, akawa anazurura Ujerumani na Italia akichora picha. Ungemwona wakati huo ungesema huyu kijana amepotea.

Mwaka wa 1927, akiwa na miaka 25, rafiki yake alimwita Vienna, Austria, afundishe katika shule ndogo ya watoto. Huko akakutana na Anna Freud, binti ya Sigmund Freud, aliyemfunza kazi ya kutibu maradhi ya nafsi kwa mazungumzo. Akamwoa Joan Serson mwaka wa 1930. Hitler alipotwaa madaraka mwaka wa 1933, familia ikahamia Marekani. Alipopata uraia mwaka wa 1939, alijipa jina la tatu, Erikson, yaani mwana wa Erik. Kijana aliyekosa baba akajizaa mwenyewe!

Mwaka wa 1950 alichapisha kitabu kilichogawa maisha ya binadamu katika hatua nane. Kila hatua ina mvutano wake. Mtoto mchanga hujifunza kuamini au kushuku. Hatua ya tano ndiyo yako wewe kijana: kupata utambulisho au kubaki katika mkanganyiko. Ya nane ni ya mzee, anayetazama nyuma akaridhika au akakata tamaa. Ukiruka hatua, deni hukungoja mbele.

Alipokuwa profesa Harvard, bila digrii hata moja ya chuo kikuu, aliwafunza wanafunzi hatua hizi kwa kutumia mhusika wa kubuni. Huyu ni Daktari Isak Borg, wa filamu ya Ingmar Bergman kutoka Uswidi iliyotoka mwaka wa 1957. Mzee Borg anasafiri kwa gari kutoka Stockholm hadi Lund kupewa heshima na chuo kikuu. Njiani anaota ndoto za kutisha, na anamkumbuka msichana aliyempenda ujanani akaolewa na nduguye. Mkaza mwanawe naye anamwambia wazi kwamba ana roho baridi. Sifa anazo tele, lakini hana mtu wa karibu. Erikson aliona hapo hatua zote nane katika siku moja: mzee wa hatua ya mwisho anarudia madeni ya ujana. Na angalau anaanza kuyalipa, kwa kumkaribia yule mkaza mwana.

Usidhani Erikson alikuwa malaika. Mwaka wa 1944 yeye na Joan walipata mtoto mwenye hali ya Down. Wakampeleka akalelewe katika taasisi, na baadhi ya watoto wao wakaambiwa kwamba kitoto kilifariki kilipozaliwa. Ajabu, sivyo? Aliyeumizwa na siri ya kuzaliwa kwake akaja kuficha siri ya mwanawe. Kuijua njia ni kitu kimoja, kuipita ni kingine.

Erikson alifariki mwaka wa 1994 jimboni Massachusetts, akiwa na miaka 91.

Kwa hivyo, kijana, ukiona wenzako wameshajipata nawe bado, usijiite umepotea. Lakini pia usikwepe swali. Na siku utakapokuwa mzazi, waambie wanao ukweli. Utawapunguzia safari.