Poul la Cour: Mwalimu Aliyeweka Akiba ya Upepo

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Poul la Cour alizaliwa mwaka 1846 karibu na mji wa Ebeltoft nchini Denmark. Alisomea elimu ya hali ya hewa, akawa mmoja wa viongozi wa taasisi ya hali ya hewa ya nchi yake. Pia alivumbua vifaa vya telegrafu. Hata hivyo, mwaka 1878 aliuacha mji mkuu, Copenhagen, akaenda kufundisha katika chuo cha wananchi kijijini Askov, walikosoma vijana wa mashambani.

Wakati huo umeme ulikuwa umeanza kuingia mijini, huku vijiji vikibaki gizani na vijana wakivihama. La Cour aliona kwamba wanavijiji nao walikuwa na mali yao, yaani upepo. Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu cha upepo cha kufua umeme.

Tatizo halikuchelewa kujitokeza. Upepo huvuma upendavyo, lakini taa huhitajika kila usiku. Umeme wa ziada ungehifadhiwa wapi? Betri za risasi zilikuwepo, ila bei yake ilikuwa kubwa. Kwa hiyo La Cour alipitisha umeme katika maji, yakatengana kuwa haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo zilihifadhiwa katika matangi tofauti, na kuanzia mwaka 1895 hadi 1902 taa za chuo ziliwashwa kwa haidrojeni.

Njia hiyo ilikuwa na faida: gesi iliweza kukaa tangini hadi siku zisizo na upepo. Hasara zake nazo hazikuwa ndogo. Oksijeni kidogo ilipopenya na kuchanganyika na haidrojeni, mchanganyiko ulilipuka, na mara kadhaa vioo vya madirisha vilibidi kubadilishwa. Isitoshe, La Cour hakufanikiwa kupata injini nzuri ya kuendeshwa kwa gesi hiyo. Mwishowe aligeukia betri, na mwaka 1902 kinu chake kikaanza kukipatia kijiji cha Askov umeme.

La Cour aligundua pia kwamba kinu chenye mapanga machache yanayozunguka kwa kasi hufaa zaidi kufua umeme kuliko chenye mapanga mengi. Mwaka 1904 alianza kuwafundisha vijana ufundi wa umeme wa upepo. Mmoja wao, Johannes Juul, ndiye aliyebuni mtambo wa Gedser wa mwaka 1957. La Cour alifariki dunia mwaka 1908.

Swali lake bado linawaumiza wataalamu vichwa. Betri ya kisasa hurudisha sehemu kubwa ya umeme iliyopewa, hivyo hufaa kwa akiba ya saa chache. Haidrojeni hupoteza zaidi ya nusu ikigeuzwa tena kuwa umeme, lakini huweza kuhifadhiwa kwa wingi kwa miezi. Kila njia ina mahali pake.

Maswali
1. Kwa nini La Cour alianza na haidrojeni badala ya betri?
2. Eleza sababu mbili zilizomfanya aiache haidrojeni.
3. Kijiji kinachotumia umeme wa jua kinahitaji taa usiku tu. Ungekishauri kitumie njia gani ya kuhifadhi umeme? Toa sababu.