Philip Snowden na Hazina ya Uingereza

Philip Snowden alizaliwa mwaka 1864 kijijini Cowling, Yorkshire, mwana wa wafuma nguo. Maradhi ya uti wa mgongo yalimlemaza angali kijana, akatembea kwa mikongojo tangu hapo. Alisimama upande wa wafanyakazi, na mwaka 1924 akawa Waziri wa Fedha wa kwanza kutoka chama cha Labour.

Aliamini kwamba serikali isitumie kupita pato lake, na kwamba noti ya paundi lazima ikombolewe kwa dhahabu kwa kiwango maalum. Mwaka 1931 biashara ya dunia ilikuwa imedorora, watu zaidi ya milioni mbili hawakuwa na kazi, na dhahabu ilikuwa ikitoka London kwa wingi. Snowden akataka posho ya wasio na kazi ipunguzwe kwa asilimia 10. Mawaziri wakagawanyika, na tarehe 24 Agosti serikali ikajiuzulu. Yeye alibaki Hazina katika serikali ya mseto. Chama chake kikamfukuza. Tarehe 10 Septemba alilisomea Bunge bajeti ya makato na kodi nzito. Siku 11 baadaye dhahabu iliachwa. Paundi ilishuka thamani, lakini nchi haikuangamia. Makato ya posho yalidumu hadi mwaka 1934.

Snowden alifariki mwaka 1937. Hatumlaumu kwa kupenda hesabu safi, kwani deni baya humwumiza maskini pia. Lakini twauliza: dhahabu ilipokwisha kuachwa, kwa nini asiye na kazi aliendelea kuilipia?